Siku Nilipovivua Vitabu Nguo

"Kitabu kikitoka kabatini, kikazunguka mtaa mzima wa Kikula, kisha kikarudi vilevile kilivyotoka, kimefanya kazi gani huko?"

Swali hilo niliulizwa Ijumaa moja asubuhi na Papa Anselme, mkuu wa nyumba ya akiba, ambako watu wa soko waliweka fedha zao. Mimi, mwenye shahada ya uchumi kutoka Lubumbashi, niliyewauliza maprofesa maswali mpaka wakachoka kuniona nikiinua mkono, nilitazama viatu vyangu. Siku ile naikumbuka kuliko hata siku niliyopewa shahada, na ndiyo ninayotaka kukusimulia kabla hujaanza kazi Jumatatu.

Mwanangu, najua utacheka nikikuita hivyo. Nimekuzidi miaka kumi na miwili tu, na juzijuzi tulikuwa tukiazimana viatu vya kwenda kanisani. Lakini wewe ni mtoto wa dada yangu, na kwetu mama mdogo ni mama, hata kama bado ana chunusi usoni. Tena umefanana nami kwa lile jambo ambalo bibi yako analilalamikia kila siku: hukubali kitu kabla ya kukiuliza maswali matatu. Sikuambii uache. Mimi mwenyewe sijaacha. Ila kuna swali moja ambalo watu wa namna yetu hulisahau, nalo ni kujiuliza kwa nini jambo fulani linatukera.

Basi nilirudi Likasi nikiwa na shahada na sina kazi. Mwaka mzima nilikaa nyumbani nikichambua maharagwe pamoja na mama na kumweleza makosa ya serikali. Mwishowe Papa Anselme, ambaye tulisali naye parokia moja, aliniita. Nyumba yake ya akiba ilikuwa Kikula, karibu na soko. Ilikuwa na chumba cha kungojea chenye mabenchi, dirisha la kuwahudumia wateja, na ofisi yake kwa nyuma. Wateja walikuwa wauza makala, yaani makaa ya kupikia, washonaji, wauza unga, na wachimbaji wa madini kutoka Kamatanda walioingia na udongo kwenye mabuti. Aliona jinsi watu hao wanavyokaa muda mrefu wakingojea zamu zao, mikono mitupu. Akaomba vitabu huku na huku, vya namna ya kutunza mapato na kuendesha biashara ndogo. Akapata kama arobaini, vingi vya Kifaransa, vichache vya Kiswahili. Akatafuta kabati lenye mlango wa kioo. Kila mteja aliruhusiwa kuazima kitabu kimoja na kukaa nacho majuma mawili.

"Nitakujaribu miezi sita," aliniambia. "Kamati ya hii nyumba ikiona mabuku inatembea, utakuwa mutu wa kazi kabisa. Ikiona inalala, tutatia masahani mu kabati."

Unaona basi nilichokuwa nacho mkononi. Ilikuwa kazi ya kwanza maishani mwangu, na ningeipata au ningeikosa kwa sababu ya vitabu arobaini.

Nilianza kwa bidii. Nilitengeneza kadi, nikaandika majina. Halafu nikaona kuandika majina hakutoshi kwa mtu wa kiwango changu. Nikakisoma kila kitabu na kukiandikia kurasa mbili za uchambuzi kwa Kifaransa: mwandishi anasema nini, amekosea wapi, ameacha nini. Niliandika kama ninavyomwandikia profesa. Nikazitoboa karatasi zile, nikazifunga kwa uzi kwenye mlango wa kabati, na kila asubuhi nikawa natazama kama kuna aliyezichukua. Hakuna aliyezichukua. Siku moja niliikuta moja imekunjwa mara nne na kuwekwa chini ya mguu wa benchi. Kusema kweli, benchi lilikuwa limetulia.

Mwezi wa pili akaja Solange.

Alikuwa rika langu, pengine amenizidi mwaka mmoja. Shule aliiachia mwaka wa tatu wa sekondari. Mume wake alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe ya simenti kule Kakontwe, na alikuwa akileta nyumbani mifuko mitupu ya simenti. Mfuko wa simenti una tabaka kadhaa za karatasi, na ile ya katikati hubaki safi na ngumu. Solange aliibandua, akaikung'uta vumbi, akaikata, akaibandika kwa uji wa unga, akatengeneza mifuko midogo ya kuwauzia wauza sukari na wauza mikate. Ndiyo kazi iliyomlisha. Alikuwa na sauti kubwa na kicheko kikubwa kuliko sauti, na alipoingia kwenye chumba cha kungojea watu walisogea kwenye benchi kabla hajaomba nafasi.

Kitabu cha kwanza alichoazima alikirudisha kimevikwa karatasi ya simenti, kimekunjwa kwenye pembe vizuri kama shati la sikukuu. Upande wa ndani wa karatasi ile, kwa kalamu ya wino wa buluu, alikuwa ameandika: *Solange wa mifuko. Sura ya pili ni muzuri. Sura ya tatu inasema usichanganye vitu vya biashara na vya nyumba. Nani anaweza? Mwenye anaweza aandike hapa.*

Mteja aliyefuata alikuwa Mama Béa, muuza makala, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi. Alikaa na kitabu majuma yake mawili. Kiliporudi, chini ya maneno ya Solange kulikuwa na mstari mmoja wenye herufi kubwa zilizopinda: *MINYE NILIWEZA JUMA MOJA. NDUGU YA BWANA AKAKUYA NA VALIZE.*

Yaani shemeji alikuja na sanduku la safari, akakaa. Na hapo mambo yakaanza. Fundi mzee wa cherehani akauliza chini yake: *Ndugu akikuya na valize, utamuambia nini?* Mwingine akajibu: *Umuambie akae, lakini mali usimuonyeshe.* Mwingine tena: *Nilijaribu. Aliona tu.* Haukupita mwezi kila kitabu kikawa kimevaa. Wateja wenyewe waliita karatasi zile nguo za vitabu. Mtu alifungua kabati, akachukua kitabu, na kabla ya kutazama hata ukurasa wa kwanza alisoma nguo. Nafasi ikijaa, Solange alileta karatasi nyingine akaiongeza kwa ndani. Mabenchi yakaanza kubishana. Watu walifika mapema kabla ya zamu yao ili waone kama wamejibiwa. Vitabu vilikuwa vikitembea, mwanangu. Vilitembea kuliko nilivyowahi kutumaini.

Nami nikaanza kuumwa.

Sijui nikuelezeje wivu ule bila kuupamba. Niliujua mlio wa kandambili za Solange kutoka barabarani, na nilikuwa nikiziinamia kadi zangu kabla hajafika mlangoni. Nilihesabu wangapi walimsalimia yeye na wangapi walinisalimia mimi. Nilisikiliza Kifaransa chake ili nikamate makosa, na nikiyakamata nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Usiku tu? Hapana, hata mchana, nikila, nikifua, nilikuwa nikizungumza naye kichwani na kumshinda. Nilianza hata kusahihisha maandishi ya kwenye nguo kwa kalamu nyekundu. Baada ya siku chache nikakuta mtu ameandika kando ya wekundu wangu: *Mwalimu huyu ni nani? Asaidie kujibu.*

Mchimbaji mmoja wa Kamatanda, mzee mpole, aliingia siku moja akatazama huku na huku.

"Yule wa mabuku eko wapi?" akauliza.

"Ni mimi, Papa."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Hapana, mwanangu. Weye ni wa kuandika majina. Nasema yule wa makaratasi."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mimi nilicheka pia. Kisha nikaandika jina lake.

Halafu kuna asubuhi ambayo Papa Anselme alitoka ofisini, akakuta Solange amesimama katikati ya chumba akisoma nguo ya kitabu kwa sauti, huku benchi zima likimjibu. Akapiga makofi. "Eh, Profesa Solange!" akasema, akarudi ofisini. Neno dogo, la mzaha. Lakini mimi ndiye niliyesoma miaka mitano nikitaka kuitwa neno lile, na lilipofika Kikula likanipita likaenda kwa mwanamke mwenye uji wa unga kwenye kucha.

Ukiniuliza leo, nitakuambia kwamba ningepaswa kufurahi kuliko watu wote. Mimi ndiye niliyejidai kuwa mtu wa kuhoji kila kitu. Na hapo mbele yangu wauza makala walikuwa wanahoji vitabu ukurasa kwa ukurasa, tena wanahoji kwa kujaribu, jambo ambalo mimi sikuwahi kulifanya. Walikuwa watu wangu kabisa. Lakini mtu mwenye wivu hatambui ndugu zake.

Miezi sita ikakaribia kwisha. Kamati ilikuwa itufikie Ijumaa. Alhamisi mchana Papa Anselme alikwenda mjini, dirisha lilifungwa kwa chakula, na Solange alikuwa amekwenda Kakontwe kufuata karatasi. Nilibaki peke yangu na kabati.

Nilikuwa na sababu, usidhani sikuwa nayo. Mtu aliyesoma hakosi sababu. Nilijiambia: karatasi zile ni chafu, zina alama za mafuta na makala, kamati itaona vitabu vimevaa kama mizigo ya sokoni. Nilijiambia kuwa kitabu ni kitabu na kina jalada lake, na kwamba chuo kikuu hakuna anayeandika mawazo yake juu ya mali ya watu wote. Nilikaa sakafuni, nikaanza kuvivua kimoja kimoja. Karatasi ya simenti hutoa sauti kavu ikikunjuliwa. Bado naisikia.

Katikati ya kazi nikasema nisome moja nicheke. Ilikuwa nguo ya kitabu kuhusu kupanga bei, kile nilichokiandikia kurasa mbili nilizoziona bora kuliko zote. Mwanamke mmoja muuza unga alikuwa ameandika kwamba mwandishi anasema mteja huangalia bei, lakini yeye ameona pale sokoni mteja huangalia kwanza nani amesimama karibu, kwa sababu anaona haya kununua kidogo mbele ya jirani. Kwa hiyo yeye alianza kufunga vipimo vidogo mapema asubuhi, kabla ya mtu kufika, na kuviweka nyuma, mahali mteja anaweza kuonyesha kwa kidole bila kusema.

Mistari minne. Nilijua pale pale kwamba imezishinda kurasa zangu mbili. Hapo ndipo ningeacha, mwanangu. Sikuacha. Niliharakisha.

Nilipomaliza nilikuwa na lundo zima. Kuchoma sikuweza, na Kikula hakuna anayetupa karatasi ya simenti, wangeniuliza. Nikalibeba hadi ng'ambo ya barabara kwa Mama Régine, aliyekuwa akiuza karanga za kukaanga. Alifurahi sana. "Mungu akubariki, Mademoiselle," aliniambia, akaanza hapo hapo kuzikata na kuzisokota kuwa vifuko vya karanga. Nilikubali baraka ile. Nikarudi, nikafuta vumbi kwenye kioo.

Ijumaa asubuhi vitabu viling'aa. Papa Anselme alipoingia alisimama mbele ya kabati, akaangalia, akanigeukia, akafungua kinywa, lakini gari la kamati lilikuwa limekwisha simama nje. Walikuwa watu watatu, na mkubwa wao aliitwa Maman Véronique, mwalimu mstaafu, mwanamke mrefu anayevaa miwani kwenye uzi. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Maman Véronique aliingia akitafuna.

"Musinihukumu," akasema, "nilitoka nyumbani bila chai." Akaninyooshea kifuko cha karanga. "Kamata, mwanangu, mukono."

Nikakinga mkono, akanimwagia. Nikala. Sikutazama karatasi.

Akaenda kwenye kabati, akatoa kitabu kimoja, akakigeuza, akatoa kingine. Moyo wangu ulikuwa unaruka kwa furaha. Nilingoja asifu.

"Anselme," akasema polepole, "mabuku hii iko mupya kabisa. Sawa vile ilitoka dukani. Batu habaigusake?"

Alikuwa akiuliza kama watu hawavigusi. Nikazinyakua kadi zangu. "Wanasoma, Maman! Wanasoma sana. Kadi hizi hapa."

"Kadi naona. Kadi kila mutu anaweza kuandika." Akageukia mabenchi. "Nani alisoma moja? Akuye atuonyeshe."

Hakuna aliyekosa ujasiri siku ile. Mama Béa mwenyewe, yule asiyependa maneno, aliinuka, akachukua kitabu chake cha majuma yaliyopita, akafungua jalada kwa dole gumba lenye weusi wa makala. Akatazama. Akafungua nyuma. Akakitikisa kidogo, kama mtu anayetafuta barua ndani yake.

"Maneno yetu iko wapi?" akauliza.

"Maneno gani, Mama?" akasema Maman Véronique.

"Ya mu nguo. Mademoiselle, nguo ya hii buku iko wapi? Nilikuwa nangojea jibu."

Watu wengine wakainuka, kila mmoja akashika kitabu. Chumba kikaanza kunguruma. Maman Véronique, asiyeelewa kitu, alikuwa amemaliza karanga. Akakunjua kifuko ili akikunje vizuri, kama walimu wanavyofanya, akavaa miwani.

"'Ndugu akikuya na valize, utamuambia nini?'" akasoma kwa sauti. Akacheka. "Eh! Hii ni barua ya nani?"

"Ni yangu ile!" akaruka fundi mzee wa cherehani. Akafika mbele, akaishika karatasi yenye mafuta na chumvi. "Ni mukono yangu, angalia. Naandikaka hivi." Halafu furaha yake ikaisha. Akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye meza ya Mama Régine, ambako vifuko vilisimama kwa mistari, vyote vimejaa. Wote wakatazama. Kisha, polepole, wakanitazama mimi.

Wakati huo Solange alikuwa mlangoni, furushi la karatasi kichwani. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani.

"Yaya Nadège," akasema. Alikuwa akiniita yaya siku zote, dada mkubwa, ingawa nimekuambia alinizidi mwaka. "Ni weye?"

"Zilikuwa chafu," nikasema. "Kamati inakuja... nilitaka kusafisha."

"Ungeniambia, ningeleta mupya. Karatasi si kitu, iko mingi kwangu." Akatua furushi. "Lakini Mama Béa aliandika mara tatu mu ile buku. Unayua? Yeye kuandika musitari moja ni jasho. Anakaaka anashika kalamu sawa vile anashika nyoka."

"Kabisa," akasema Mama Béa.

Solange hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana, ningekuwa na la kujibu. Alivuka barabara, akazungumza na Mama Régine, akarudi akaita, "Mwenye anapenda karanga akuye!" Chumba kizima kikatoka. Walinunua vifuko vyote, wakamwaga karanga kwenye beseni, wakakaa kando ya barabara wakila na kunyoosha karatasi juu ya magoti. Kila aliyepata maneno yake alipiga kelele. Nyingine zilikuwa zimekatwa katikati ya sentensi, na nyingine zilikwisha kwenda na wanunuzi wa asubuhi, hazikuonekana tena. Maman Véronique alikuwa katikati yao, miwani puani, akisoma kwa sauti ya darasani. Walikuwa wanacheka. Mimi niliwatazama kupitia kioo cha kabati, huku vitabu safi vikiwa kati yetu.

Papa Anselme alikuwa amebaki ndani. Ndipo akaniuliza lile swali la kitabu kinachorudi vilevile kilivyotoka.

Alikaa kwenye benchi, akanipa nafasi niketi. "Minye niliona una wivu," akasema. "Niliona tangu zamani. Nikasema, huyu amesoma, atajiona yeye mwenyewe, minye kumusemea ni kumuzarau. Pale njo nilikosa, mwanangu, na unisamehe. Lakini sikiliza. Nilikutuma upeleke mabuku kwa batu. Batu wakaanza kukuletea kitu. Na weye ukakipeleka kwa karanga."

Sikulia mbele yake. Nililia njiani.

Kamati ilimpa Solange funguo za kabati. Mimi nilipewa nafasi ya kukaa dirishani nikihudumia wateja, nikaikataa kwa barua ndefu ya Kifaransa ambayo leo ningelipa ili isisomwe tena. Na usidhani aibu iliutibu wivu wangu. Aibu iliulisha. Kwa majuma mengi nilizunguka njia ya mbali ili nisipite mbele ya mlango ule. Niliposikia kabati limekuwa mawili, na kwamba vitabu vinapelekwa hadi Kamatanda kwa wachimbaji, niliomba moyoni mvua ivuje juu yake. Nakuambia haya kwa sababu watu wakikusimulia makosa yao ya ujana husema walitubu siku hiyo hiyo. Mimi sikutubu siku hiyo.

Nilichoka tu. Mwaka ulipokwisha nilikuwa nimeanza biashara yangu ndogo ya kuchapa barua na vyeti kwa kompyuta, na ilikuwa inakwenda vibaya, na sikujua kwa nini. Nadharia zote nilizijua. Siku moja nikaingia kwenye nyumba ile ya akiba kama mteja. Solange alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha zamani.

"Kadi yako?" akasema.

"Sina."

"Basi tunaandika." Akaandika jina langu bila kuniuliza. "Majuma mbili. Ukichelewesha, nitakuya kwenu na kelele."

Nilikipeleka kitabu nyumbani, na kwa siku kumi nilishindwa kuandika mstari mmoja kwenye nguo yake. Niliandika, nikafuta. Kila nilichoandika kilikuwa na harufu ya profesa. Mwishowe niliandika kwa Kiswahili kwamba wateja wangu hawarudi mara ya pili na kwamba sijui kosa ni la bei au ni langu. Nikakirudisha, nikakimbia. Kilipozunguka na kunirudia, chini ya maneno yangu kulikuwa na herufi kubwa zilizopinda nilizozijua: *MADEMOISELLE, NI YA WEYE. UNASAHIHISHAKA BATU. ACHA. LAKINI ULIULIZA MUZURI.*

Niliacha kuwasahihisha wateja. Wakaanza kurudi. Duka unalolijua pale sokoni, lililokulipia mwaka wako wa mwisho wa chuo, lilisimama juu ya mstari ule wa Mama Béa.

Basi nikuambie wazi, kwa kuwa naona umeanza kutazama simu. Huko uendako utakutana na mtu asiye na shahada yako ambaye atafanya kazi yako vizuri kukushinda. Si labda, utakutana naye. Siku hiyo utaanza kuhesabu wanaomsalimia, na kichwa chako, ambacho ni kizuri, kitaanza kukuletea sababu zenye maneno mazuri: usafi, utaratibu, kiwango, sheria. Zihoji hizo kwanza, kabla ya kumhoji yeye. Jiulize unachotaka kiendelee ni kazi au ni jina lako. Kisha nenda ukamwambie mbele ya watu kwamba anafanya vizuri, na ufanye hivyo mapema, ukiwa bado unaweza kusema hivyo bila kujilazimisha. Na ukiona mkono wako unasafisha kitu ambacho hakuna aliyelalamika kuwa ni kichafu, simama. Uondoe mkono.

Ukikosea hata hivyo, na utakosea maana u mtoto wetu, usingoje mwaka mzima kama mimi. Rudi ukiwa bado unaona aibu.

Mungu akuzungushie watu wanaokuzidi, na akupe moyo wa kustarehe ukiwa katikati yao. Maswali yako yapate wa kuyajibu, na majibu yako yapate wa kuyabishia. Uingie pale Jumatatu kwa mguu mwepesi, na watakaokupokea wafurahi kila utakapochelewa kuondoka.

Bado jambo moja, nalo nililijua mwaka jana tu, Solange aliponisimulia kwake huku tukikata karatasi, akicheka kana kwamba ni habari ya mtu mwingine. Wakati ule mume wake alikuwa amemkataza kabisa kusoma vitabu vya biashara. Kitabu cha kwanza alikivika karatasi ya simenti ili kionekane kama daftari la mtoto, na miezi yote ile niliyomwonea wivu alikuwa akivisoma chooni, uani, kwa sababu ndipo mahali pekee nyumbani kwake alipoweza kufunga mlango.